Mbuzi wa Mama, Sheria za Kaka

Nimekuwa mshonaji tangu nilipomaliza darasa la saba, na kwa mshonaji hakuna dhambi kama kukata kitambaa kizima bila sababu. Kwa hivyo kaka yangu aliporudi kutoka ng'ambo amenyoa kichwa na kujifunga shuka la rangi ya udongo wa barabarani, akanipa mita nyingi za pamba safi na kuniambia nizikate vipande halafu nivishone tena viwe shuka moja, nilimuuliza kama huko alikotoka walimnyoa akili pamoja na nywele.

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Mtawa havai kitambaa kizima."

"Basi waambie hao wanaotaka wakushonee."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kumfanya mtu ajione mjinga hata akiwa na haki, na mimi ni mtu wa hasira, sitaficha. Nilimtukana hadi nikachoka. Halafu nikakata, nikashona. Hata huko kukata na kushona alikuwa na sheria zake, na mshono mmoja ukienda upande aliuona na kuniambia nifumue.

Alikuwa wa pili kwetu. Wa kwanza alikuwa kaka mkubwa, mwalimu wa shule, ambaye baadaye alihamia Karurumo, upande wa Embu, akaoa huko na kununua shamba. Mimi ni kitinda mimba. Nyumbani kwetu ni karibu na Kanyakine, kwenye mteremko wa kahawa na migomba, na miaka michache baada ya uhuru kaka huyu wa pili alipata nafasi ya kusoma India. Alikwenda kusomea historia. Baba alishatangaza katika kiwanda cha kahawa kwamba mwanawe akirudi atakuwa D.O., afisa wa tarafa, na watu walishaanza kumsalimia Baba kama baba wa D.O. Badala yake ikaja barua kutoka kisiwa cha Ceylon. Amekuwa mtawa wa dini ya Budha, na anasoma Kipali.

Kipali ni lugha ya zamani ya India, ndiyo iliyohifadhi mafundisho ya Budha. Hakuna mama duniani anayembembeleza mtoto kwa Kipali. Ni lugha ya vitabu na ya midomo ya watawa, basi. Lakini kaka aliipenda kama wanaume wengine wanavyopenda ng'ombe. Alikaa huko miaka kumi na moja. Kilichomrudisha, aliniambia mwenyewe, ni kwamba Mwafrika akitaka kumsikia Budha ilimlazimu apitie kwa Mwingereza. Jambo hilo lilimkera. Alitaka Kipali kifundishwe kwa Kiswahili, na vitabu vitafsiriwe moja kwa moja, Kipali kwa Kiswahili, bila mtu wa kati. Ndiyo kazi aliyojipa. Alipewa stoo ya zamani ya kahawa chini ya shamba letu, akafagia, akaweka mkeka na meza moja, akaanza.

Siku aliyorudi, Baba alimchinjia mbuzi.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo. Watu hudhani watawa hao hawali nyama. Kaka yangu alikula nyama. Mtawa hali anachochagua, anakula anachopewa, na ukimwekea nyama uliyokuwa umejipikia wewe na watoto wako, atakula ashukuru. Asichoruhusiwa kula ni nyama ya mnyama aliyechinjwa kwa ajili yake. Akimwona anachinjwa, akisikia, au hata akishuku tu kwamba mnyama huyu amekufa kwa sababu yake, haruhusiwi kugusa. Sasa niambie, kwetu Meru mtu anamkaribishaje mwanawe aliyepotea miaka kumi na moja? Anunue nusu kilo kwenye buchari? Hiyo ni dharau. Unamtoa beberu zizini mbele ya macho yake, unamwonyesha, unamwambia, huyu ni wako. Heshima yenyewe ndiyo ilikuwa sumu. Kama Baba angekuwa bahili, kaka angekula.

Alikataa kwa upole, akaeleza. Alieleza vizuri mno, kwa vifungu. Baba alimsikiliza hadi mwisho, wazee wenzake wakiwa wamekaa pale na visu mkononi, kisha akasema, "Kumbe mbuzi wangu ni haramu kwako." Aliishi miaka mingine miwili na hakumwambia kaka neno lolote isipokuwa salamu ya lazima. Alikufa hivyo. Kwetu mzazi akifa na donge moyoni juu ya mtoto, watu hawasemi ni laana, lakini mtoto huyo akijikwaa njiani wanatazamana.

Basi jueni kwamba Mama naye alikuwa akitazama haya yote, na alikuwa na wakati wa kuyafikiria.

Kaka aliendelea na mambo yake. Kila asubuhi alipita sokoni na bakuli lake, amenyamaza, macho chini, apewe chakula. Woi, aibu ile! Mtu mwenye digrii, mwenye mikono miwili, na nduguye ana miti mia kadhaa ya kahawa. Kaka mkubwa akija kutoka Karurumo alikuwa anapita njia ya nyuma asikutane naye. Mwanzoni watu walimtupia shilingi, naye akawa anasimama tu, maana haruhusiwi kushika pesa, hadi mtu aje azitoe bakulini. Wanawake wa sokoni ndio walioelewa kwanza. Walianza kumwekea githeri, ndizi, kipande cha nduma, na wakawa wanagombana nani aweke wa kwanza. Baada ya saa sita mchana hakula kitu mpaka kesho yake. Wakamwita Mzee Saa Sita.

Alfajiri alisoma kwa sauti. Alisema lugha ikisomwa kimyakimya inaoza. Jirani mmoja akaenda kushtaki kwamba kuna kiapo cha kupinga serikali kinalishwa katika stoo yetu, na miaka ile kukutana watu watano bila kibali lilikuwa jambo la kukupeleka ndani. Chifu akaja na askari wawili. Akasikiliza nje ya mlango, akaingia, akauliza hiyo ni lugha gani.

"Kipali."

"Inazungumzwa wapi?"

"Siku hizi hakuna mahali."

"Hakuna hata mtu mmoja?"

"Wa kuzaliwa nayo, hakuna."

Chifu akafikiri. "Basi huwezi kupangia serikali mabaya kwa lugha isiyo na watu," akasema, akaenda zake. Nilicheka siku hiyo hadi nikakaa chini.

Wanafunzi wake hawakuwahi kuzidi sita. Alikuwepo mwalimu kutoka Kiirua, aliyekuja kila Jumamosi. Karani mmoja mstaafu wa mahakama. Na aliyewashinda wote alikuwa Mwislamu mmoja wa mjini Meru, mwenye buchari. Huyu alikuwa amehifadhi Kurani tangu utotoni, na alikuwa na kichwa cha ajabu cha kushika maneno. Hakutaka kubadili dini. "Mimi nina yangu, mwalimu," alimwambia kaka, "lakini sauti hii ni tamu, niachie niisikie." Alikuwa akisoma kurasa nzima bila kukosea, halafu anarudi kukata nyama. Kaka alimpenda sana.

Nilisema Mama alikuwa na wakati wa kufikiria. Miaka kadhaa baada ya kifo cha Baba aliugua tumbo, na hospitali wakamrudisha nyumbani kwa maneno yale mazuri wanayotumia. Nilifunga cherehani yangu nikahamia jikoni kwake. Kaka alikuwa anapanda kila siku kutoka stoo, anakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, na wakati ule ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Kulikuwa na mkutano wa watawa jijini, katika hekalu lao, siku ya mwezi mpevu. Huwa wanakutana na kusomeana sheria zao. Kaka alimwahidi Mama mbele yangu kwamba mwezi huo hatakwenda. Atakaa naye.

Mama akatupa mpango wake. Jumapili watoto wote watatu tuje, kaka mkubwa atoke Karurumo, naye Mama atubariki kabla hajafa. Baraka ya kwetu si maneno tu: mzazi anakutemea mate kidogo kifuani na kukutamkia, na kila mtoto awepo mwenyewe, huwezi kupokelewa na mwingine. Lakini kabla ya Jumapili alitaka jambo moja. Alitaka mwanawe ale mbuzi wake.

"Mama, unajua sheria zake," nikamwambia. "Acha nikanunue nyama kwa yule mwanafunzi wake. Atakula, na wewe utamwona akila."

"Nimkaribishe mwanangu na nyama ya mbuzi nisiyemjua?"

"Ulishamkaribisha. Yuko hapa miaka mingapi!"

"Hakukaribishwa," akasema. "Baba yako alimtengea mbuzi, na mbuzi huyo akaliwa na wengine. Mwanangu yuko hapa kama mpita njia. Sitakufa nikimwacha nje."

Alikuwa na mbuzi jike mmoja mweupe aliyempenda, aliyekuwa akila kutoka mkononi mwake. Nikambembeleza. Nikamwambia tutamficha mbuzi kwa jirani, nilete nyama ya dukani, na kaka ajue ni ya dukani lakini sisi wawili tuiite ya mbuzi wake. Akanitazama kwa yale macho. Akasema anataka kumsikia mbuzi akichinjwa, yeye mwenyewe, pale alipolala, ajue. Ningemnyima nini mtu ambaye hawezi hata kumeza uji?

Basi Alhamisi asubuhi nilimwangalia kaka akishuka mtoni kuoga, na taulo begani. Ni mwendo wa dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi, na yeye ni mtu wa kuoga polepole, akisomasoma. Nilimwita kijana wa jirani, tukachinja nyuma ya jiko. Mbuzi alilia mara moja, kwa nguvu. Mama akasikia. Akasema, "Ndiyo." Nikaficha ngozi, nikamwaga majivu juu ya damu, nikapika kama mwizi.

Saa tano na nusu kaka akaja, akaketi kwenye kigoda chake. Mama akataka aketishwe kitandani. Nikamketisha, nikamwekea mito mgongoni, nikampa sahani ya nyama na mukimo aishike yeye mwenyewe, kwa sababu kaka haruhusiwi kujichukulia chakula, lazima apewe mkononi. Mama akaishika kwa mikono miwili, na mikono ikitetemeka, na mchuzi ukimwagika kidogo kwenye blanketi.

Kaka hakunyoosha mkono. Akanigeukia mimi.

"Nyama imetoka wapi?"

"Kwa mwanafunzi wako. Mwenye buchari."

"Leo?"

"Leo asubuhi. Alipitisha mtu."

Alinitazama. Sikuinamisha macho, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikuinamisha hata macho. Nilikuwa nimeamua. Niliona ni uongo mdogo, wa kusaidia watu wawili, na sheria yake inasema kama hajui hana kosa. Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo. Kosa litakuwa langu, na mimi ni mtu wa kanisa, nitalipeleka kanisani kwangu.

Akatandaza kitambaa magotini, akapokea sahani. Akala yote. Mama hakuondoa macho usoni kwake hadi kipande cha mwisho, na alipomaliza, Mama akacheka, sauti ndogo kabisa, akalala chini. Usiku huo alilala bila kuamka. Nilijisifu, haki ya Mungu. Nilijiambia, mambo ambayo wanaume wamevuruga kwa miaka kumi, wewe umeyatengeneza kwa asubuhi moja.

Ijumaa nikapeleka uji stooni. Kaka hayupo. Karani mstaafu akaniambia amemnunulia tikiti ya basi alfajiri. Mwalimu wake amekwenda jijini, kwenye hekalu, kwa mkutano wa mwezi mpevu.

Nilisimama pale na chupa ya uji. Ahadi aliyompa Mama mbele yangu! Amekula, ameshiba, ameondoka. Sikuwa na fikira nyingine yoyote.

Mama aliuliza mara ya kwanza Ijumaa jioni. Nikasema yuko mtoni anaoga. Akauliza tena Jumamosi asubuhi, na sauti imekwisha, nikasema yuko mtoni. "Basi mngojeni," akasema. Alikufa kabla ya saa tisa. Kaka mkubwa alifika kutoka Karurumo akamkuta amefunikwa. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyebarikiwa.

Mtawa alirudi Jumapili adhuhuri, akitembea, na bakuli begani. Alikuja hadi mlangoni akaona watu wamejaa uani, akaelewa. Sikumpa nafasi ya kufungua mdomo. Mbele ya majirani, mbele ya kanisa zima, nilimwambia, "Wewe ulikuja kula tu. Ulikula ukaondoka." Maneno hayo yalishika. Watu waliyabeba. Siku ya mazishi, kaburini, alipoinama kuchukua udongo amtupie Mama, kaka mkubwa alimpiga mkono, udongo ukamwagika. Akasema asiyengoja kifo hana kazi kwenye kaburi. Mtawa alirudi nyuma, akasimama karibu na migomba mpaka tukamaliza, na mimi nilimtazama nikaona anastahili.

Miaka miwili sikumshonea kitu. Nilisikia kwamba shuka lake limechakaa, nikasema shauri yake. Halafu nikasikia kwamba macho yake yanaharibika, presha ya macho, na kwamba kamusi yake ya Kipali na tafsiri zake zimesimama kwa sababu hawezi tena kuona alichoandika. Wanafunzi walikuwa wamepungua. Mwenye buchari peke yake ndiye aliyebaki akipanda Jumamosi kumsomea kwa kichwa. Sijui ni nini kilichonipeleka. Labda hasira pia huchoka. Nilikwenda na daftari la kurasa mia mbili nikamwambia, "Haya, sema, niandike." Hatukuongea juu ya Mama. Tulikaa hivyo, asubuhi tatu kwa wiki, miaka kumi na zaidi. Yeye anasema neno la Kipali, herufi kwa herufi, kisha Kiswahili chake, na mimi nabisha.

Nilibisha sana. Alikuwa na Kiswahili cha vitabu, kikavu. Neno moja kubwa la dini yao, lile la shida ya maisha, alitaka kuliita "mateso". Nikamwambia mateso ni ya mtu aliyefungwa kituoni, mimi sikuteswa na mtu na bado sina raha. "Una nini basi?" akauliza. Nikasema nina kitu kama nguo inayobana kwapani: unaweza kuivaa mwaka mzima, lakini hakuna siku utakayosahau kwamba inabana. Kesho yake akaniambia nifute kurasa tatu.

Watu walikuwa wakimshauri atafsiri hotuba nzuri nzuri, za kufariji. Yeye alitaka kumaliza sheria za watawa kwanza, na sheria hizo ni nyingi kama siafu. Alisema ukiwapa watu faraja bila sheria, kila mmoja atajitungia. Basi tukawa kwenye sheria, mwaka baada ya mwaka, vitanda, viatu, dawa, sindano. Na asubuhi moja ya baridi, ukungu umeshuka hadi kwenye mlango wa stoo, tukafika kwenye nyama.

Nilijua kinachokuja kabla hajakisema. Alikisema polepole kama kawaida. Nyama ya mnyama aliyechinjwa kwa ajili ya mtawa. Kama aliona. Kama alisikia. Kama alishuku. Mkono wangu ukasimama kwenye "alisikia".

"Andika," akasema.

"Kalamu imeisha wino."

"Haijaisha. Naisikia ikiandika tangu asubuhi, ilikuwa nzuri tu."

Nikaanza kulia, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu mbuzi jike mweupe, majivu, ngozi, mtu wa buchari ambaye hakupitisha mtu yeyote. Nikasema mimi ndiye niliyetenda, na yeye hakujua, kwa hivyo hakuwa na kosa, na niandike hivyo pembeni ya ukurasa kama anataka.

"Nilisahau sabuni," akasema.

"Sabuni gani?"

"Nilikuwa nimefika kwenye migomba nikarudi kuchukua sabuni. Nikamsikia akilia. Mbuzi wa Mama ninamjua sauti."

Ukungu ule, baridi ile, nikahisi nimepigwa kofi. Alikuwa amejua. Alipouliza nyama imetoka wapi, alikuwa ananipa mlango wa kutokea, na mimi nikaufunga kwa mikono miwili.

"Kwa nini ulikula?" nikauliza. "Wewe, mwenye kufumua mshono mmoja! Ulimkataa Baba mbele ya wazee, kwa nini ulikula cha Mama?"

"Alikuwa ameshika sahani," akasema. "Mikono yake ilikuwa inatetemeka."

Halafu akanieleza lililobaki, kwa sauti ile ile ya kufundishia. Mtawa akila huku anajua, ni kosa. Si kosa kubwa, ni dogo. Lakini linaondoka kwa njia moja tu: kulisema mbele ya mtawa mwingine. Si mbele ya padri, si mbele ya dada. Na toka mlima huu hadi jijini hakukuwa na mtawa mwingine hata mmoja. Mwezi mpevu ulikuwa Jumamosi, na mtu mwenye kosa haketi na wenzake kusoma sheria kabla hajalisema. Alifikiri atakwenda Ijumaa, aseme, arudi Jumapili mapema kabla ya baraka. Hakutaka kupokea mate ya Mama kifuani akiwa na jambo hilo. Alitaka ayapokee akiwa safi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi, ilikuwa miaka kumi na minne.

"Na kaburini?" nikasema. "Nilipokutukana? Kaka mkubwa alipokupiga mkono? Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ningesema nilikwenda kuungama nyama. Wangeuliza nyama gani. Ningesema mbele ya mazishi ya Mama kwamba dada yangu alinidanganya?" Akapapasa meza akitafuta daftari, akalisukuma kwangu. "Tumalize ukurasa."

Sikumaliza ukurasa. Niliondoka pale na viatu vya matope vile vile, nikashuka hadi barabarani, na kabla ya saa nane nilikuwa Karurumo, uani kwa kaka mkubwa. Alikuwa amestaafu, miguu imevimba, anapukuchua mahindi na wanawe wawili wakubwa na mkewe. Nikakataa chai. Nikasema nina neno, na nililisema nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitalipamba.

Alipukuchua hadi nikafika kwenye sabuni. Hapo akaacha.

"Nilimpiga mkono," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umesimama pale. Ulikuwa unajua umechinja."

"Nilijua nimechinja. Sikujua alisikia."

"Ulijua umechinja," akasema tena, na alikuwa sahihi. Mwanawe mmoja, ambaye tangu utotoni tumemfundisha kwamba ana baba mdogo wa kula na kutoroka, akaniuliza, "Kwa hivyo Shangazi, huyu mzee tumemtukana miaka yote hii bure?"

"Bure," nikasema.

Kaka mkubwa akaomba fimbo yake. Akasema twende sasa, na mwanawe atupeleke na gari lake la kubebea viazi. Akainuka kwa shida, akageukia mkewe, akasema kwa sauti ya haraka, kama mtu aliyechelewa, "Mkamateni yule jogoo mwekundu, mfungeni miguu, hatuwezi kwenda mikono mitupu."

"Wacha jogoo!" nikapiga kelele hadi kuku wakatawanyika. "Wacha jogoo, wacha mbuzi, wacha kila kitu! Usilete kitu!"

Alinitazama kama nimemvua nguo. Katika maisha yake yote, hata kwa adui, kaka yangu hakuwahi kufika kwa mtu bila kubeba chochote. Alisimama uani akigeuza mikono yake, kisha akaingia garini.

Tulifika stooni jua likikaribia kuzama. Mtawa alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, anasoma kwa kichwa. Akasikia fimbo, akanyamaza.

"Ni nani?"

"Ni mimi," kaka mkubwa akasema mlangoni, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Sikuleta kitu."

"Vizuri," akasema. "Karibu ukae."

Kaka mkubwa akakaa chini kwenye mkeka, polepole, kwa sababu ya miguu, na mikono yake mitupu akaiweka magotini, halafu kando, halafu magotini tena.